Kisigino cha Bi Mkasi

Kila asubuhi, kabla ya kumtaja Mungu, Bi Mkasi alimtaja wifi yake, na hakumtaja kwa heri. Alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda akiiangalia sakafu kwa jicho la uadui. Kisha alishusha mguu wa kulia polepole, na kisigino kilipogusa tu chini alihisi amekanyaga msumari uliosimamishwa makusudi. "Wifi wewe!" alisema, meno yameumana. Alishika ukuta, akaenda kwa vidole hadi mlangoni, akajikokota hadi jikoni, na kufikia wakati maji ya chai yanachemka mguu ulikuwa umelegea na yeye amerudi kuwa binadamu. Hapo ndipo alipokumbuka kusali.

Wifi hakuwa amempiga wala kumsukuma. Alimnyima kiti tu. Lakini wapo watu wakikunyima kiti wamekunyima mengi, na kiti hiki kilikuwa na mambo yake.

Duka lilikuwa la ukoo, duka la vitambaa, refu na jembamba, majora yamepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Baba mkwe aliwaachia watoto wake wawili, mume wa Bi Mkasi na dada yake. Dada mtu alikuwa na shughuli zake mji mwingine, kwa hiyo mume ndiye aliyeliendesha duka na mkewe akawa mkataji. Jina la Bi Mkasi wateja ndio waliompa. Hakupiga chaki wala hakuweka rula. Alilivuta jora mezani, akalilaza kwa kiganja, akauweka mkasi ukingoni na kuusukuma mara moja tu hadi upande wa pili, na kitambaa kikaachana kimenyooka, hakina jino hata moja. Wapo waliosema jina lile lilihusu ulimi wake pia. Mwenyewe hakukanusha.

Duka lile lilikuwa na utaratibu ambao kila mfanyakazi aliukuta: viatu vinaachwa mlangoni. Mteja akitaka kuona kitambaa kinavyoanguka, kilikunjuliwa sakafuni, na hakuna mtu angekubali nguo yake ya harusi ikanyagwe na viatu vilivyotoka barabarani. Kwa hiyo wauzaji walifanya kazi pekupeku juu ya vigae tangu duka kufunguliwa hadi kufungwa, na waliona ni raha. Mguu unapumua, walisema. Mume alipokuwa hai alimwagizia mkewe kiti kirefu cha mbao kwa fundi seremala, chenye egemeo na ubao wa kuwekea miguu, akakiweka kwenye meza ya kukatia. "Mkasi ulioshikwa na mtu aliyechoka hukata upande," alikuwa akisema. Wauzaji wengine walikuwa na stuli zao, wakakaa kwa zamu duka linapopoa.

Mume akafariki. Kabla machozi hayajakauka wifi mtu akaja kushika duka, na alikuja juu ya viatu vya mchuchumio. Hivyo hakuviacha mlangoni. Alipita pembeni mwa vitambaa, ko, ko, ko, akapanda ngazi za mwisho wa duka, akaingia kwenye chumba cha ofisi chenye dirisha la kioo linalotazama kila mtu. Siku hiyohiyo stuli zote zilitolewa. "Muuzaji aliyekaa ni muuzaji aliyelala," alisema. Kile kiti cha mbao hakukitoa, maana kilimpendeza. Alikipeleka ofisini akaweka juu yake mkoba wake.

Jamani, mkoba! Kila Bi Mkasi alipoinua macho aliuona pale nyuma ya kioo, umekaa, umeegemea, mikanda yake imelala pembeni, umestarehe kuliko mtu yeyote dukani.

"Mkoba una kiti, mimi sina," alimwambia muuzaji mwenzake, mwanamke waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia.

"Na ule mkoba hata kukata haujui," Redio akajibu.

Maumivu yalianza kama mchezo, kitu cha kuchoma kidogo asubuhi kisha basi. Baadaye yakawa yanarudi kila anapoinuka baada ya kukaa, halafu yakawa yanamsubiri jioni pia. Redio ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza. Alisema ni mwiba, wakachokonoa kwa sindano hadi damu ikatoka na mwiba haukutoka. Akasema basi ni baridi ya vigae imeingia mfupani, akanyage jiwe la moto. Bi Mkasi akakanyaga, akapata malengelenge, na maumivu yakabaki palepale na malengelenge juu yake. Akasema kisigino kipigwe chini kwa nguvu kipate adabu. Kikapigwa, na aliyepata adabu ni mwenye kisigino. Mwishowe Redio alishusha sauti.

"Dada, usikute umerogwa. Wifi yako yule simwelewi."

"Wifi yangu hana haja ya uchawi," Bi Mkasi akasema. "Ana vigae."

Kwa kukikimbia kisigino akaanza kuukanyagia mguu upande wa nje, na baada ya muda kifundo nacho kikaanza kulalamika. Sasa alikuwa anachechemea waziwazi. Akiwa mezani aliegemea mguu wa kushoto, na mwili wote ukalala upande huohuo.

Ndivyo alivyosimama siku alipokuja bibi harusi na shangazi zake kununua kitambaa cheupe cha maua ya kutarizi, jora la mwisho la aina ile. Bi Mkasi alililaza jora, akausukuma mkasi kama alivyousukuma miaka yote, na katikati ya njia kisigino kikamchoma. Mkono ukafuata mwili. Kitambaa kilipoachana, ukingo ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi.

Tangu apewe jina lile hakuwahi kukata upande, na alisimama akiutazama ule ukingo kana kwamba umekatwa na mtu mwingine. Ndipo zikasikika ko, ko, ko. Wifi alishuka, akakiinua kile kitambaa kwa vidole viwili, akacheka.

"Msishangae, jamani. Mkataji akichechemea, mkasi nao unachechemea."

Halafu, mbele ya wageni, akaweka mkono kiunoni, akapinda midomo, na kutembea kutoka meza hadi kwenye majora akichechemea, kule juu ya mchuchumio wake. Mashangazi wakacheka. Bibi harusi naye akacheka, amejiziba mdomo, na huko kujiziba ndiko kulikouma zaidi.

"Huyu tulikuwa tunamwita Bi Mkasi," Wifi akamalizia. "Sasa hivi ni Bi Chechemea."

Jina likashika. Majina mabaya hayahitaji gundi. Kufikia mwisho wa juma hata mchukuzi wa majora alikuwa akiita, "Bi Chechemea, nishushe wapi hili?" bila nia mbaya yoyote, na hilo ndilo lililomkata maini. Mumewe amekufa, kiti chake kimekaliwa na mkoba, na sasa hata lile jina alilojipatia kwa mikono yake mwenyewe limeporwa. Alikuwa amebakiza nini? Mkasi wenyewe, nao umepinda.

Jioni moja alimeza kiburi chake, akapanda ngazi za ofisi huku ameshika ukuta.

"Wifi, nakuomba kile kiti. Kisigino kinaniua."

"Kiti gani?"

"Hicho cha marehemu."

Wifi aliutazama mkoba, akaugeuza kidogo ukae vizuri. "Vumilia, wifi. Kusimama ndiyo kazi yenyewe. Mbona wenzako hawalalamiki? Visigino huwauma wavivu."

Bi Mkasi alishuka bila kujibu, na mtu anayeujua ulimi wake angeogopa kimya kile. Alifika chini akajiambia: nitakulipa. Sijui lini wala sijui kwa njia gani, ila nitakulipa, na nitakulipa palepale ulipogusa. Wapo wanaowatakia adui zao kifo au ufukara. Bi Mkasi hakuwa na makuu. Alimtakia kisigino.

Hospitali alikwenda akitegemea sindano. Alipelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, kwa tabibu mmoja kijana, mwanamke mwembamba mwenye vidole vya chuma. Tabibu aliuliza maswali mengi. Aliwahi kuanguka? Amejitibu vipi? Mguu unakufa ganzi? Unavimba, una joto, unauma hata akiwa amelala? Kisha akaubonyeza unyayo kwa kidole gumba, akitafuta, mpaka akafika chini ya kisigino upande wa ndani.

"Hapa?"

Bi Mkasi nusura ampige teke. Tabibu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta ufunguo alipouacha.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nakata vitambaa."

"Ukiwa umekaa?"

"Nimesimama. Kiti kimekaliwa na mkoba."

Tabibu alimwangalia usoni kwanza, pengine akidhani maumivu yamefika kichwani. Halafu akaeleza. "Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu. Unaanzia kisiginoni unakwenda hadi vidoleni, na ndio unaolishikilia tao la mguu. Ukisimama kutwa nzima juu ya sakafu ngumu unavutwa, unachanika kidogo kidogo pale unaposhikana na mfupa. Usiku ukilala unakaza. Asubuhi unaukanyaga ghafla, unaunyosha kwa nguvu, na unauumiza upya. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni mbaya kuliko zote."

"Kwa hiyo hakuna mwiba?"

"Hakuna mwiba, mama. Na usikichome tena, wala usikipige."

"Lakini kazini tunakaa pekupeku. Mguu unapumua."

"Mguu haupumui. Unayepumua ni wewe. Mguu unataka kitu laini chini yake."

Kifundo je? Kifundo, alisema tabibu, anakiumiza mwenyewe kwa kutembea upande. Kisigino kikitulia nacho kitatulia. Akamfundisha kusimama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimekaa chini, na kuusukuma ukuta hadi shavu la mguu livutike. Akamwambia aweke chupa ya maji kwenye friza, igande, jioni aiviringishe chini ya unyayo. Avae viatu laini hata ndani ya nyumba. Asisimame mahali pamoja muda mrefu, akae na kuinuka kwa zamu. Na asitegemee miujiza, maana ugonjwa huu huondoka kwa miezi, si kwa siku.

"Ila kubwa kuliko yote ni hili," tabibu akasema, akachukua taulo, akalipitisha chini ya vidole vya Bi Mkasi. "Asubuhi, kabla hujashuka kitandani, kaa hivi, goti limenyooka. Shika taulo huku na huku, uvute mguu uje kwako. Shikilia. Achia. Rudia. Mpaka uamke huo ukanda, ndipo ushuke. Ukisahau mengine yote, hili usilisahau."

Alitoka bila sindano, na njiani alinung'unika kwamba siku hizi mtu anakwenda hospitali anarudishwa na taulo. Lakini kesho yake alilivuta taulo. Akashusha mguu. Msumari ulikuwapo bado, ila mtu alikuwa ameukata ncha.

Basi ikaanza kazi ya kupona, na hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Wengine hupona kwa sindano, wengine kwa maombi. Bi Mkasi alipona kwa chuki, na tusimseme vibaya, maana bila chuki mazoezi yale angeyaacha mwanzoni kabisa. Ukuta alipousukuma alikuwa anausukuma mlango wa ofisi. Chupa ya barafu aliipa jina, na mnajua jina gani. Jioni alikaa, akaitupa sakafuni, akaikanyaga. "Njoo, wifi," aliiambia. "Nenda. Rudi. Nenda. Rudi hapa nikuone." Binti yake akipita sebuleni alitikisa kichwa.

Kwa habari ya viatu alitumia akili. Alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani, akanunua sponji nene na soli ya mpira, akashona jozi ya viatu vya ndani vyekundu vyenye ua juu. Wifi akaviona, akashuka mbio.

"Hivi nini? Viatu si mlangoni?"

"Hivi havijawahi kuiona barabara, wifi. Vinalala hapahapa. Ni visafi kuliko miguu yetu."

Wifi akageuka, akapanda ngazi zake, ko, ko, ko. Redio akaagiza jozi yake, ya kijani, na haukupita muda duka zima likawa linatembea kimyakimya juu ya sponji. Mkasi wa Bi Mkasi ukarudi kunyooka. Hakuchechemea tena. Jina la Chechemea, hata hivyo, halikupona. Na mkoba uliendelea kukaa.

Aliyeko juu mngoje chini, wahenga walisema, na Wifi alikuwa juu kuliko wote dukani. Asubuhi moja Bi Mkasi alikuwa katikati ya kukata alipoinua macho kuelekea kwenye kioo. Wifi alikuwa ameketi muda mrefu, sasa anataka kuinuka. Aliweka mikono yote miwili mezani. Akasita. Akainuka, akatembea hatua za mwanzo kwa vidole, uso umekunjamana, kisha akajirekebisha, na mwendo wa ko, ko, ko ukaendelea kama kawaida.

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kitanda kile Bi Mkasi alikuwa amekilalia, na kunguni wake aliwajua mmoja mmoja. Miaka yote ya kuishi juu ya mchuchumio, mishipa ya nyuma ya mguu imefupika, halafu nyumbani anavua na kutembea pekupeku kwenye vigae vyake vya kifahari. Hayawi hayawi, yamekuwa!

Furaha aliyoipata siku ile sitaificha. Alikwenda nyumbani akiimba. Hakumwambia mtu, hata Redio, maana kumwambia Redio ni kuutangazia mji. Alichofanya ni kungoja Wifi akae, atulie, mguu upoe vizuri, kisha aite kutoka mwisho wa duka kwa sauti tamu, "Wifi! Hebu njoo uone rangi hii, sijui ndiyo uliyoagiza?" Wifi akainuka, akasita, akaja. Rangi ilikuwa ndiyo. Akirudi na kukaa, aliitwa tena kuja kuona pindo. Duka lile halikuwahi kuwa na mkataji mwenye kuheshimu maoni ya bosi wake kiasi kile.

Siku aliyoitwa ofisini, mlango ulifungwa nyuma yake. Wifi alikuwa amevua viatu chini ya meza.

"Wifi yangu," alianza, na hilo "yangu" lilikuwa geni. "Hivi ile miguu yako… mbona siku hizi hujambo? Ulitumia dawa gani?"

"Kwani nani anaumwa?"

"Kuna rafiki yangu."

"Rafiki yako anaumwa wapi?"

Wifi machozi yakamlenga, akasema haraka, "Asubuhi nikishuka kitandani nakufa, wifi. Nakufa! Nikivaa viatu virefu napata nafuu, nikivua nakufa tena."

"Nenda hospitali."

"Nikaonekane nachechemea? Baada ya yote niliyosema?"

Kumbe anakumbuka aliyoyasema. Bi Mkasi alizungusha macho katika chumba kile, akakitazama kiti cha mbao.

"Nitakueleza yote, wifi. Lakini nimesimama toka asubuhi, na mtu aliyesimama akili haitulii. Naona kumbukumbu zangu nilizisahau kwenye kile kiti."

Wifi aliuchukua mkoba akauweka sakafuni. Bi Mkasi akakaa. Miguu yake ikautafuta ule ubao, ikaukuta palepale, umelika pale mahali pake. Alifumba macho. Alimkumbuka mumewe kwa nguvu, na hasira ikarudi nzimanzima.

"Bado hazijarudi zote," alisema. "Nadhani zingine zipo kule chini mezani. Kiti kikishuka, zitakuja. Na zitakuja haraka kama atakayekishusha ni wewe mwenyewe, na ukaniita kwa jina langu. Lile la zamani."

Walitazamana. Mle ndani alikuwamo mtu mmoja tu mwenye kuumwa, na wote wawili walijua ni nani.

Dukani walishuhudia. Mlango wa ofisi ulifunguliwa, Wifi akatoka amekikumbatia kiti kirefu cha mbao, anashuka ngazi moja moja, pekupeku, anachechemea. Redio alikuwa anaongea, akanyamaza, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Wifi alikiweka kiti kwenye meza ya kukatia, akahema.

"Bi Mkasi," alisema, na kila mtu akasikia. "Kiti chako hiki."

"Ahsante, wifi."

Na Bi Mkasi akatimiza ahadi. Jioni ile, duka limefungwa, alimfundisha wifi yake kuusukuma ukuta, kisigino chini, goti limenyooka. Alimweleza habari za ule ukanda wa unyayoni. Alimwambia juu ya chupa ya barafu, bila kumtajia jina la chupa. Alimwambia aache mchuchumio taratibu, avae viatu laini hadi chumbani, akae na kuinuka kwa zamu, na wauzaji wake vilevile kama hataki wote waje kuugua. Kila alilosema lilikuwa kweli tupu. Akafika kwenye taulo. Alifungua mdomo. Akamwona pale mbele yake bibi harusi akicheka amejiziba, akamwona huyu mwanamke na mkono kiunoni na midomo imepinda.

"Hayo tu?" Wifi akauliza.

"Hayo tu, wifi."

Stuli zilirudi. Wifi alishuka kutoka kwenye mchuchumio, na Redio akapata la kusema juma zima, kwamba kumbe bosi mwenyewe anamfikia begani. Alivaa viatu vya sponji vya bluu alivyoshonewa na Bi Mkasi kwa mkono wake. Alilainika hata tabia. Siku nyingine alishuka na chai, akaweka kikombe kimoja mezani pa kukatia. Jina la Chechemea likafa kwa kukosa wa kuliita. Mtu mwingine angesema mambo yamekwisha.

Miezi ilipita. Asubuhi moja Wifi alikuja moja kwa moja hadi mezani, akaegemea, macho mekundu.

"Wifi yangu, mchana sijambo, namshukuru Mungu na wewe. Lakini ile hatua ya kwanza ya asubuhi! Nakaa kitandani naiogopa. Leo nimelia kama mtoto. Hakuna kitu kingine? Fikiria vizuri."

Bi Mkasi alikuwa kitini, miguu juu ya ubao, mkasi mkononi. Hakuhitaji kufikiria. Lilikuwa neno moja, na kila nyumba inalo, linaning'inia bafuni. Alimtazama wifi yake usoni, akaona kwamba anaumia kweli, kama alivyokuwa akiumia yeye.

"Vumilia, wifi," alisema. "Ndivyo kilivyo."

Alingoja aone kama Wifi atayatambua maneno yale. Hakuyatambua. Aliyeyasema alikuwa ameshayasahau.

"Ahsante, wifi yangu," Wifi akasema kwa moyo, akampigapiga mkono, akaondoka polepole. Bi Mkasi aliusukuma mkasi hadi upande wa pili, na kitambaa kikaachana kimenyooka.

Kisigino chake kimepona siku nyingi sasa. Hata hivyo kila asubuhi anakaa kitandani, anapitisha taulo chini ya vidole, anauvuta mguu uje kwake. Hana haraka. Anajua wifi yake huamka saa gani. "Sasa anashuka," husema peke yake, huku akitabasamu. Kisha naye hushuka, na sakafu ni sakafu tu. Hutembea hadi jikoni bila kushika ukuta, akaweka maji ya chai, akayasikiliza yakichemka. Zamani hapo ndipo alipokumbuka kusali. Siku hizi maji huchemka mpaka yakafurika, na hakumbuki.